Baraza ya Lugha: Vineno Vidogo Vigeuzavyo Maana



Mwezi huu barazani twataka kutazama jambo moja la lugha ya Kiingereza liwataabishalo wanafunzi kuliko majina yake marefu, na kuliko tahajia yake isiyofuatana na sauti. Kwa kulitazama si jambo kubwa. Ni vineno vidogo tu: "up", "down", "in", "out", "on", "off", "over", "away", "back", "at", "for", "to", "with", "after". Mtoto wa shule huvijua mapema. Huambiwa kwamba "up" ni juu na "down" ni chini, "in" ni ndani na "out" ni nje, naye hufurahi, akidhani amekwisha kuvimaliza. Walakini vineno hivi vikishikamana na kitenzi, yaani neno la tendo, mara nyingi huacha maana zao za kwanza, na kitenzi nacho huacha yake, vikazaa pamoja maana ya tatu. Mtu aliyejifunza kitenzi peke yake na kineno peke yake ataisoma sentensi, maneno yote ayajue, wala asijue lililosemwa.

Tutwae mfano wa "look", ambacho maana yake ya kwanza ni kutazama. "Look at the child" ni mtazame mtoto. "Look for the child" ni mtafute mtoto. "Look after the child" ni mtunze mtoto. Basi angalieni: kitenzi ni kile kile, mtoto ni yule yule, lakini kazi ni tatu mbalimbali. Mama akimwagiza yaya "look after", na yaya akafahamu "look for", ataondoka kwenda kumtafuta kwa majirani mtoto aliyelala kitandani. Tena hayo hayajaisha. "Look into" ni kuichunguza habari. "Look up" ni kulitafuta neno katika kamusi. "Look up to" ni kumheshimu mtu, na "look down on" ni kumdharau. "Look out!" ni jihadhari! Na yote hayo yametoka katika kitenzi kimoja chenye herufi nne.

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya watu wa vyuo, mimi mkulima yanihusu nini?" Ndugu yangu, yakuhusu, maana Kiingereza huingia nyumbani mwako hata usipokialika. Huingia kwa barua ya shule, kwa karatasi ya dawa, kwa tangazo lililobandikwa ukutani, na kwa habari iliyoletwa kutoka hospitali. Na mara nyingi katika barua hizo jambo lenyewe hukaa katika kile kineno kidogo.

Tuseme barua imetoka shuleni, nayo yasema, "The parents' meeting has been called off." Baba ajua kwamba "call" ni kuita, naye asema, "Wazazi tumeitwa." Basi aacha jembe, avaa kanzu yake safi, aenda maili sita kwa miguu, akifika akuta mlango umefungwa wala hapana mtu. Kumbe "call off" ni kuuvunja mkutano usiwepo tena. Kama barua ingalisema "put off", maana yake ingalikuwa umeahirishwa, yaani umesogezwa mpaka siku nyingine. Na kama ingalisema "called" tu, bila kineno, ndipo angalikuwa na haki ya kwenda.

Jambo jingine ni zito kuliko hilo. Tuseme habari imeletwa kutoka mahali pa kazi, nayo yasema, "Your brother passed out this morning." Maana yake ni kwamba ndugu yako amezimia asubuhi. Lakini kama imeandikwa "passed away", maana yake ni kwamba amefariki. Kitenzi ni kimoja, "pass", maana yake kupita. Kinachomtenga aliyezimia na aliyekufa ni kineno kinachofuata. Asiyejua tofauti hii huweza kuanza matanga ya mtu ambaye amekwisha kuamka na kuomba uji. Au, lililo baya zaidi, huweza kukaa akingoja nafuu ya mtu ambaye amekwisha kuaga dunia. Na habari ikisema baadaye, "He has come round," au "He has come to," basi mshukuru Mungu, maana yake amerudiwa na fahamu zake.

Kadhalika kwa daktari. Daktari mgeni asiyejua Kiswahili akiuliza, "Did the child throw up?", haulizi kama mtoto alirusha kitu juu; auliza kama alitapika. Akimwambia mzee, "Cut down on salt," maana yake apunguze chumvi. Akisema, "Cut out salt," maana yake aiache kabisa. Mzee ajuaye "cut" peke yake, kwamba ni kukata, hatapata njia ya kujua kama leo mboga yake itiwe chumvi kidogo au isitiwe hata chembe.

Lakini tusiwalaumu Waingereza mno, maana hata sisi tunayo mambo yaliyo karibu na hayo, ila kwa kuwa tumezaliwa nayo hatuyaoni. Mfikirieni mgeni aliyefundishwa kwamba "piga" ni kumtia mtu fimbo. Siku ya pili asikia watu wapiga pasi, wapiga simu, wapiga magoti, wapiga hodi, wapiga mbio, wapiga kura. Atashangaa kuona nchi nzima ina magomvi. Au afundishwe "kata", kisha asikie mtu amekata tamaa, mwingine amekata shauri, wa tatu amekata kiu, na wa nne amekata rufani. Hapo hana la kufanya ila kujifunza maneno hayo mawili mawili, kila jozi kama neno moja. Nasi kwa Kiingereza ndivyo itupasavyo.

Tena Kiswahili kina jambo jingine linalofanana zaidi na vineno hivi, nalo ni mikia ya vitenzi. Mtu akihama, ametoka katika nyumba. Akihamia, ameingia katika nyumba nyingine. Mwingereza, asiye na mkia huo, hutumia vineno: "move out" ni kuhama, na "move in" ni kuhamia. Mtu akikimbia simba, "he runs away from it"; akikimbilia mtini, "he runs to the tree". Sisi huushikamanisha mkia na kitenzi hata hapana awezaye kuutenga. Wao huukata mkia ukafuata nyuma kwa miguu yake, na pengine hukaa mbali. Ndiyo sababu wengi wa Waingereza walioandika sarufi ya Kiswahili, walipofika kwenye umbo la "-ia" na "-ea", waliliita kwa jina lile lile wanaloviita vineno vyao kama "for" na "to". Waliona kwamba kazi ni moja.

Hata hivyo mkia wetu pengine hubeba mizigo miwili ambayo Mwingereza huigawa. Sisi husema "mtupie mpira" na "mtupie jiwe", kitenzi kimoja. Yeye husema "throw the ball to him", ili audake, na "throw a stone at him", ili limpige. Basi mwanafunzi asiridhike na mkia wa Kiswahili akadhani amepata kineno. Aulize kwanza tendo lile lampata mwenzake kwa namna gani.

Sasa tuje kwenye kanuni. Ziko tatu zifaazo kushikwa.

Kanuni ya kwanza: vineno hivi ni vya namna mbili. Vingine vimelishika jina linalofuata, na vingine vimekishika kitenzi. Tazama sentensi hizi: "The car turned off the road," na "The woman turned off the lamp." Kwa macho ni sawasawa. Lakini katika ya kwanza "off" ni ya barabara: gari limeiacha barabara. Katika ya pili "off" ni ya "turn": mwanamke ameizima taa. Namna ya kuzitambua ni kuliondoa jina na kutia "it" mahali pake. Kwa barabara utasema "turned off it". Kwa taa utasema "turned it off". Yaani, kineno kilichokishika kitenzi humwachia "it" nafasi katikati, na kineno kilichoshika jina hakiachi nafasi. Basi sema "put it off", usiseme kamwe "put off it". Lakini sema "look after it", wala usiseme "look it after".

Jina lenyewe likitajwa, unayo ruhusa mbili: "put off the meeting" ni sawa, na "put the meeting off" ni sawa. Ila jina likiwa refu, lenye maelezo mengi nyuma yake, ni afadhali kineno kikae karibu na kitenzi, msikilizaji asichoke kukingoja.

Sikio nalo husaidia. Mwingereza akisema "turn it off", sauti huikaza penye "off". Akisema "look at it", huikaza penye "look", na "at" hupita upesi hata pengine husikii. Wazazi wenye watoto wanaosoma Kiingereza wawaambie wazisome sentensi hizo kwa sauti jioni, maana ulimi ukizoea, kalamu hukosa mara chache.

Kanuni ya pili: kiko kitenzi kinachofuatwa na vineno viwili pamoja, nacho hakikubali kutengwa hata kidogo. "Put up with" ni kuvumilia. "Run out of" ni kuishiwa na kitu. "Get on with" ni kupatana na mtu. "Look forward to" ni kungojea jambo kwa furaha. Hiki cha mwisho ndicho kinachoharibu barua nyingi za vijana wetu. Huandika mwishoni, "I look forward to see you," nalo ni kosa. Yafaa kuandika, "I look forward to seeing you." Sababu yake ni kwamba "to" hiyo si ile ya "to see", bali ni kineno cha kuelekea, kama kwamba wasema "naelekea kule kukuona". Ukitaka kujua, jaribu kutia jina: "I look forward to the feast." Kama jina lakaa vizuri baada ya "to", basi kitenzi kikija mahali pale sharti kivae "-ing".

Kanuni ya tatu: kineno hakimwachi kitenzi chake hata sentensi ikigeuzwa. "They look after the child" ikigeuzwa huwa "The child is looked after." Kineno kimebaki mwisho, nyuma yake hapana kitu, wala si kosa. Nasema hivi kwa kuwa wako walimu waliofundisha kwamba sentensi ya Kiingereza isimalizike kwa kineno kama hicho. Fundisho hilo ni la zamani. Mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa jambo hilo katika mwaka 1672. Lakini Waingereza wenyewe hawakuacha kusema hivyo, na kwa vitenzi hivi haiwezekani kuliepuka. "The child whom I look after" ni Kiingereza safi. "The child after whom I look" humfanya msikilizaji adhani kwamba mtu anamkodolea macho mtoto aliyekwisha kupita.

Pengine mtauliza, mambo haya yalitoka wapi? Katika Kiingereza cha kale sana vineno vingi vilitangulia kitenzi, vikashikamana nacho kwa mbele. Mabaki yake tunayo hata leo: "understand", "overcome", "withstand". Baadaye desturi ya kukiweka kineno nyuma ikapata nguvu, ikawa siku hizi ndiyo njia kubwa ya kuzaa vitenzi vipya. Nanyi jihadharini na jamaa wawili wa damu moja waliotengana, mmoja ana kineno mbele na mwingine nyuma. "Overtake" ni kumpita mwenzako njiani. "Take over" ni kushika kazi au mamlaka ya mwenzako. "Set up the table" ni isimamishe meza. "Upset the table" ni ipindue. Karani akiambiwa "look over these accounts", aikague hesabu; akiambiwa kwamba yeye "overlooked these accounts", ajue kwamba amelaumiwa kwa kuipita bila kuiona.

Kisha katika mwaka 1066 Wanormani waliitwaa Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kilatini lugha ya vyuo. Maneno mengi ya lugha hizo yakaingia katika Kiingereza, yakakaa kando ya yale ya watu wa nyumbani. Ndiyo maana mpaka leo jambo moja huwa na majina mawili. Kuvumilia ni "tolerate", tena ni "put up with". Kuahirisha ni "postpone", tena ni "put off". Kuzima moto ni "extinguish", tena ni "put out". Kuchunguza ni "investigate", tena ni "look into". Neno la kwanza huvaa nguo za ofisi. La pili huvaa nguo za nyumbani. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa vitabu tu mara nyingi hujua "extinguish" asijue "put out". Huweza kuandika barua ya kupendeza kwa mkubwa, lakini nyumba ikiwaka na jirani akapiga kelele, "Put it out! Put it out!", yeye asimama akiuliza ni kitu gani kitolewe nje.

Wenye lugha yao wenyewe waliiona shida hii zamani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa katika mji wa London, mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba hapa ndipo wageni wapatapo taabu kubwa kabisa, naye alijitahidi kuvikusanya vitenzi hivi kwa uangalifu. Mwaka 1925 Logan Pearsall Smith, katika kitabu chake cha misemo ya Kiingereza, alivipa jina ambalo walimu wanalitumia hata sasa, akasema kwamba jina hilo alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa watengenezaji wa kamusi kubwa ya Oxford. Na mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza kilichopunguzwa, chenye maneno 850 tu, kwa faida ya wageni. Katika maneno hayo vitenzi vilikuwa 18 tu, navyo ni kama "come", "go", "get", "give", "put" na "take". Aliwezaje kuacha mamia ya vitenzi vingine? Aliweza kwa sababu vitenzi hivi vidogo, vikipewa "in", "out", "up", "off" na wenzao, hufanya kazi ya vile vilivyoachwa. Jambo hilo latuonyesha nguvu ya vineno hivi. Lakini pia latuonyesha mtego wake, maana mtu huhesabu maneno machache, asihesabu jozi zake.

Je, hakuna msaada wa kukisia maana? Upo kidogo. "Up" mara nyingi huonyesha kumaliza kabisa: "eat up" ni kula chote, "use up" ni kutumia hata kikaisha. Ni karibu na lile "mbali" la kwetu tusemapo "tupilia mbali" au "ulia mbali", ambapo hatutaji umbali wa mahali, bali twataka kusema kwamba jambo limekwisha kabisa. "On" huonyesha kuendelea: "go on", "read on". "Off" huonyesha kutenga au kukomesha: "cut off", "turn off". "Out" huonyesha kuzimika au kuisha: "put out", "run out". "Back" ni kurudi, na "over" pengine ni kupitia jambo toka mwanzo hata mwisho. Haya ni mashauri tu, wala si sheria. Nyumba ikiteketea, Mwingereza husema "it burned down", na karatasi ikiteketea husema "it burned up". Fomu ya maombi aweza kusema "fill it in", aweza kusema "fill it out", nayo ni fomu ile ile na kalamu ile ile. Basi kisia, lakini ukikisia thibitisha.

Mwisho twende kwenye makosa yaliyo ya kwetu hasa, watu wa Afrika ya Mashariki. Nayo ni ya namna mbili: kuzidisha kineno, na kupunguza.

Kwanza kuzidisha. Twasikia "discuss about the matter". Yatosha "discuss the matter". Twasikia "request for leave", mtu akitaka kusema kwamba anaomba ruhusa. Kitenzi husema "request leave". Twasikia "emphasise on the point". Yatosha "emphasise the point". Chanzo cha makosa haya ni chepesi kukiona. Majina ya matendo hayo ndiyo yanayotaka vineno: "a discussion about the matter", "a request for leave", "emphasis on the point". Mtu hukichukua kineno kwenye jina akakihamishia kwenye kitenzi. Basi ushike hivi: jina lina kineno, kitenzi hakina. Na "cope up with" inayosikika kila mahali, iondoe "up". Ni "cope with".

Pili kupunguza. Mtu huandika, "Please pick me at the station." Lakini "pick" bila kineno ni kuchuma, kama mtu achumavyo chungwa mtini. Anayetaka kuja kuchukuliwa aseme "pick me up". Wengine huacha kitenzi chenyewe wakabaki na kineno, wakasema "off the light". Hapo mkia watembea peke yake bila mnyama. Sema "turn off the light" au "switch off the light". Na "put off the light" nayo husikika sana kwetu, walakini kwa Mwingereza wa leo "put off" kwanza ni kuahirisha. Basi moto na mshumaa "put out", taa ya umeme "turn off", na mkutano "put off".

Sisemi kwamba asemaye hivyo hafahamiki. Barazani na sokoni atafahamika, na jirani hatamcheka. Lakini katika mtihani alama zitapotea, na katika barua ya kuomba kazi msomaji asiyekujua hana kitu kingine cha kukupimia ila maneno uliyoyaandika.

Kwa hiyo kila aliye na daftari nyumbani alifungue leo. Asiandike "look" juu na kuvipanga vineno vyote chini yake kama watoto wa mama mmoja, maana ataisahau tofauti yao. Kila jozi aipe mstari wake na sentensi yake nzima: "look after – kutunza. My sister looks after the goats." Jozi tatu kwa juma, si zaidi. Kwa mwaka mmoja zitazidi 150, nazo zamtosha mtu kusoma barua zake bila mkalimani.

Na sasa jaribuni haya jioni pamoja na watoto. Majibu yote yamo humu humu katika maneno yaliyotangulia. Atakayesoma mara ya pili atayaona.

1. Tia vineno: "We have run ... ... salt."
2. Tia kineno: "My mother looks ... my children when I am at work."
3. Tia vineno: "The patient passed ..., but after a short time he came ..."
4. Tengeneza: "I look forward to hear from you."
5. Tengeneza: "The meeting is on Friday, we cannot put off it again."
6. Tengeneza: "Let us discuss about the price."
7. Eleza kwa Kiswahili tofauti ya "The wedding is put off" na "The wedding is called off." Mtoto atakayeijibu hii sawasawa, mzee wa nyumba amwachie yeye kusoma barua ijayo.